Upana wa Njia

Harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa imeingia ofisini kwangu, hapa Bomani. Nje, vijana wanapanua njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Harufu hiyohiyo ilikuwa ikibaki kwenye kanga ya bibi yangu.

Kijijini kwetu kila nyumba ilipalilia kipande chake cha njia. Bibi alipomaliza chetu, alilaza majembe yetu mawili kukingama njia, mpini kwa mpini. Yasipoenea, tuliendelea kulima.

"Bibi, kwani baiskeli ni pana hivyo?" nilimuuliza.

"Baiskeli ni nyembamba, mjukuu wangu. Mgonjwa hubebwa na watu pande mbili."

Jirani yetu wa chini hakupima. Kila msimu plau yake ya ng'ombe ilimega njia kidogo, hadi ikabaki ya mguu mmoja tu. Bibi alimwambia. Akacheka, akawaswaga ng'ombe wake.

Masika moja bibi aliugua, na wanaume walimbeba kwa machela kuelekea barabarani. Kwenye shamba la jirani yule waliteleza matutani, wakamtua, wakamwinua, wakamtua tena. Mara ya mwisho hawakumwinua. Mama alifungua kanga yake, akamfunika uso. Jirani naye alikuwa miongoni mwa wabebaji, tope hadi magotini.

Natoka nje. Kijana mmoja ananyoosha mgongo, jembe mkononi.

"Shikamoo, mama. Upana huu si unatosha?"

"Marahaba, mwanangu. Hebu nipe jembe lako. Na la mwenzako."