Kinyozi Aliyemtoa Wilkin

Jumatatu asubuhi, timu ikiwa imefungwa jana yake, wanaume wa Los Jovillos huota nywele ghafla. Hata wenye upara huja kunyolewa. Kinyozi wao ni Leovigildo Pimentel, ambaye mji mzima unamwita Fundi Vigo, na ndiye huyo huyo kocha wa timu yao ya besiboli. Mtu mwenye akili timamu asingekubali kazi hizo mbili kwa pamoja, maana watu unaowakosesha ushindi Jumapili ndio utakaowashika vichwa Jumatatu.

Vigo alizikubali. Alipewa timu wakati hakuna mwingine aliyeitaka, nguo zimechanika na uwanja umejaa mbuzi wa watu. Alishona nguo, akafukuza mbuzi, akawafundisha kurusha vijana ambao baba zao walikuwa wakirudi kutoka mashamba ya miwa hawana nguvu hata ya kupiga domino. Wawili kati yao wanacheza ng'ambo sasa. Ukimwuliza habari zao atakwambia tu kwamba mmoja alikuwa na nywele ngumu sana.

Kuhusu Jumatatu, aliweka sheria. Zamani mabishano ya mechi yalivunja kioo kikubwa cha duka, na Vigo akasema basi: atakayezungumzia mechi ni yule tu aliyekaa kwenye kiti, shuka shingoni. Walio kwenye benchi wafunge midomo wangoje zamu. Watu waliipenda sheria hiyo kuliko sheria yoyote ya serikali. Walijipanga, wakakaa, wakamweleza wapi alipokosea, yeye akiwanyoa kimya. Na kwa kuwa mwenyewe husimama siku zote, sheria yake ilimnyima neno. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akijitetea.

Kubwa walilomlaumia ni warushaji wa akiba. Wa kwanza, Crispín, ni mwendesha pikipiki, na abiria akimpungia mkono katikati ya mechi huondoka naye. Wa pili, Ndugu Osiris, ni mlokole asiyefika mpaka ibada iishe, na mchungaji wake hajui kumaliza. Wa tatu ni Fello muuza nyama, mwenye mkono wa nguvu kweli kweli, ila akipanda kilimani, pale anaposimama mrushaji, mbele ya watu jasho linamtoka na mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Watu wakasema Vigo hajui kuchagua. Kuchagua nini? Mtu umewekewa sahani ya mifupa mitatu, halafu unalaumiwa kwamba hukuchagua nyama.

Jumapili hiyo walikuwa na fainali dhidi ya Boca Seca, na walikuwa mbele kwa pointi moja. Aliyekuwa akirusha ni Wilkin Mercedes, kijana wa miaka kumi na tisa, fahari ya mji, na Boca Seca walikuwa hawamwezi. Baba yake, Don Apolinar, ni mkuu wa kamati ya timu. Alikaa nyuma ya wavu akihesabu kila mrusho kwa sauti, maana Alhamisi wasaka vipaji walikuwa wanakuja kutoka mji mkuu kumwangalia mwanawe, na yeye alikwisha kuwaambia majirani nyumba mpya itajengwa upande gani.

Katika awamu ya saba kati ya tisa Vigo aliona jambo. Wilkin alisogeza kofia kwa mkono wa kushoto, ule wenye glavu, na mkono wa kulia, wa kurushia, ukabaki unaning'inia. Vigo aliliona vizuri. Akajiambia labda ni jasho. Akajiambia bado kidogo tu. Alitaka ushindi ule, kama kila mtu pale uwanjani.

Awamu ya nane mpira ulidondoka mbele ya mdaka mpira kama umetupwa na mtoto, na Vigo akatoka. Huko Los Jovillos kocha akitoka kumtoa mrushaji wanayempenda, wenye pikipiki hupiga honi wote kwa pamoja mpaka arudi. Honi zilipigwa. Vigo alipanda kilimani asigeuke.

"Mkono vipi?"

"Vidole sivisikii, Fundi. Tangu ile ya sita."

"Nipe mpira."

Wilkin aliutoa, lakini alimshika kocha wake mkono kwa glavu. "Usimwambie baba. Wala mtu yeyote. Alhamisi wanakuja."

Vigo akaitikia kwa kichwa, akamwita Fello.

Yaliyofuata hayana utamu wa kusimulia. Crispín alikuwa ameshaondoka na abiria, Ndugu Osiris alikuwa bado kwenye wimbo wa mwisho. Fello akarusha ovyo, akawapa watu watatu njia ya bure hadi kwenye vituo, wa nne akaupiga mpira mpaka kwenye miwa, na wote wanne wakafunga. Boca Seca wakaondoka na kikombe, na honi zikaendelea hadi mbele ya mlango wa Vigo.

Kesho yake benchi lilijaa kabla hajafungua. Mwishoni mwa benchi alikaa Mama Tatica, muuza vyakula vya kukaanga wa ng'ambo ya barabara, ambaye hanyolewi kitu pale bali huja kulinda sheria, na anailinda kuliko aliyeitunga. Watu wakakaa mmoja mmoja, kila mmoja na la kwake. Mmoja alisema hata bibi yake asingemtoa Wilkin. Mwingine alisema Fello apimwe macho, na Vigo naye apimwe kichwa. Fello mwenyewe alikuja, akakaa, akalia ndani ya povu, na Vigo akamfuta polepole kwa taulo ya moto ili ionekane ni sehemu ya kunyoa.

Kisha akakaa Don Apolinar.

Huyu alinyolewa ndevu, na alisema tangu povu la kwanza mpaka la mwisho. Kwamba Vigo amezeeka. Kwamba amemwonea wivu mwanawe. Kwamba kijana alikuwa na nguvu za kurusha mpaka usiku.

"Jumatano kamati inakaa," alisema, kidevu juu, wembe ukipita kooni. "Timu nakunyang'anya, Fundi. Ukanyoe watu, hiyo ndiyo kazi yako."

Vigo alihisi kidevu kikitetemeka kwa hasira chini ya vidole vyake. Timu ile ndiyo iliyomtoa kitandani tangu mkewe afariki. Sentensi moja tu ingemwokoa, na alikuwa nayo mdomoni. Akausafisha wembe, akamaliza upande wa kushoto, akampaka spiriti. Hakumkata hata kidogo.

Apolinar alipoinuka, Wilkin aliingia. Alipita mbele ya benchi lote, akakaa kwenye kiti, na kwa kuwa ndiye aliyerusha Jumapili hakuna aliyemzuia. Vigo alimtazama kwenye kioo, akatikisa kichwa kumkataza. Kijana hakumsikiliza.

"Mimi ndiye niliyeuua mkono huu," alisema. "Ulikufa awamu ya sita nikanyamaza. Fundi akanitoa, nikamwomba asiseme, na mmeona hakusema. Leo asubuhi nimeshindwa kushika kijiko. Alhamisi sitarusha. Wakija waambieni waende zao, au wangoje nipone."

Apolinar alifungua mdomo.

"Hujakaa kwenye kiti, Don," Mama Tatica alimwambia.

Mzee aliufunga. Alimtazama mwanawe, akautazama ule mkono uliolala juu ya shuka. Watu walidhani atatoka nje. Badala yake alikwenda mpaka mwisho kabisa wa benchi, akakaa pembeni ya Mama Tatica, mashavu yake laini yanang'aa, akangoja zamu upya. Alingoja wote waliokuwa mbele yake. Kati ya waliomtangulia hakuna aliyezungumzia mechi tena. Kila aliyekaa aliomba tu mashine ipite upesi.

Zamu yake ilipofika alikaa. Vigo akamfunga shuka ingawa hapakuwa na ndevu tena za kunyoa, akachukua brashi, akaanza kumpangusa shingo isiyo na unywele wa kupangusa.

"Fundi," Apolinar alisema, "ulikosea."

Benchi zima likaguna.

"Ulichelewa. Ya saba alishika kofia kwa mkono wa kushoto. Nilimwona. Nami nikajiambia ni jasho." Akamtazama Vigo kwenye kioo. "Mwaka ujao ukiona hivyo, mtoe hapo hapo. Hata mimi nikipiga kelele. Mtoe."

Vigo aliacha kupangusa. Kwa mara ya kwanza tangu aweke sheria ile, aliivunja.

"Hapo umenipata, Don," alisema. "Nilichelewa."

Akamwinamisha kichwa taratibu kwa mikono yote miwili, kama anavyowafanyia watoto, akaanza kumpunguza nywele za nyuma.