Dada yangu alimpiga mwizi wa ng'ombe mshale, halafu akakataa achomwe

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimesoma ule uzi wa jamaa anayeuliza kama mtu ana haki ya kuua mwizi aliyemkuta na mali yake. Kurasa ni nyingi na matusi ni mengi. Wengine mnasema choma, wengine mnasema peleka polisi. Mimi sikuja kubishana. Nimekuja na kitu nilichokiona kwa macho, na chumvi sitaongeza. Ila kuna sehemu nilikuwa na homa kali, kwa hivyo mkiona nimeandika "nadhani", jueni ni kweli nadhani tu.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni. Simu ya mkononi kijijini alikuwa nayo mwalimu na mwenye posho mill ya kusaga mahindi, basi.

Mimi ni fundi wa kushona. Wakati huo mashine yangu ilikuwa kwenye baraza ya duka moja Bungoma town, karibu na msikiti. Dada yangu mkubwa, hapa nitamwita Naliaka, aliolewa upande wa Naitiri. Mume wake alishafariki. Alikuwa askari wa usiku kwenye godauni moja Kitale, na wale wa zamani mnakumbuka, maaskari wengi wa usiku silaha yao ilikuwa upinde na mishale. Alipokufa upinde ulibaki ukining'inia nyuma ya mlango wa sitting room, pembeni ya kalenda.

Na dada alijua kuutumia. Shemeji alimfundisha wakiwa bado wachumba, wakilenga migomba. Alikuwa anasimulia hiyo story akicheka, ati wenzake walikuwa wanapelekwa soda, yeye anapelekwa kupiga migomba mishale.

Shemeji alimwachia watoto, shamba, na ng'ombe mmoja wa gredi, wa maziwa. Ng'ombe mweupe karibu mwili wote, ana doa moja jeusi ubavuni, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Wakuu, huyo ng'ombe ndiye alikuwa school fees. Ndiye alikuwa sukari, sabuni, mbolea, kila kitu. Watoto walikuwa boarding kwa sababu ya huyo ng'ombe.

Na msimu huo wizi ulikuwa umezidi. Jirani yake mmoja, nitamwita Simiyu, mwanaume mkimya sana, aliibiwa ng'ombe wake wa kulima. Walimfuata kwa nyayo mpaka mtoni, wakakuta kichwa na ngozi tu. Nyama ilishaenda. Simiyu alibeba kile kichwa begani mpaka kwake akakizika nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemcheka.

Sasa mimi nilienda kumsaidia dada kuvunja mahindi. Yalikuwa yameshakatwa na kusimamishwa shambani mafungu mafungu ili yakauke. Kabla sijavunja hata kidogo, malaria ikanilaza.

Wenye mmeugua malaria ile ya kweli mnajua. Nyumba inapumua. Ukuta unasogea karibu, halafu unarudi mbali. Nilikuwa nimelala sitting room, na alfajiri hiyo ukungu uliingia kwa mlango na kukaa ndani kama mgeni. Nadhani.

Nikasikia kengele ya ng'ombe.

Ilikuwa inalia polepole, ikienda mbali. Nikadhani ni ndoto, na ilikuwa ndoto tamu. Niko mdogo tena, narudisha ng'ombe nyumbani na marehemu mama. Nilikuwa hata natabasamu.

Halafu dada akaingia kutoka jikoni. Mikono ina majivu, alikuwa anawasha moto. Alinyoosha mkono nyuma ya mlango akachukua upinde na mshale mmoja, akatoka.

Nikajifunga blanketi nikamfuata. Miguu yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Nje kulikuwa kweupe. Huoni fence, huoni choo. Yale mafungu ya mahindi yalikuwa yamesimama kwenye ukungu kama watu waliojifunika shuka, na mimi kila nikipita moja naona kama linageuka kuniangalia. Kengele ilikuwa mbele yetu. Ng'ombe mwenyewe hukumwona, maana ni mweupe ndani ya weupe. Ulikuwa unaona tu lile doa jeusi likitembea peke yake hewani.

Tukawafikia. Walikuwa watu wawili. Mmoja anavuta kamba, mwingine anasukuma nyuma. Yule wa kamba alikuwa amejifunika karatasi ya nailoni kichwani.

Dada akapiga kelele, "Wacha ng'ombe yangu!"

Yule wa nyuma akakimbia. Yule wa kamba akageuka. Alikuwa na panga mkononi. Mpaka leo sijui kama aliliinua au ni ile kugeuka tu. Nimejiuliza mara nyingi sana, na kila nikijiuliza naona kitu tofauti.

Sauti ya upinde ni ndogo kuliko mnavyofikiri. Ni kama mtu amekung'uta shuka.

Jamaa hakuanguka. Aliketi chini polepole kama mtu aliyechoka, kamba bado iko mkononi. Mshale ulikuwa kwenye paja. Ng'ombe akainamisha kichwa akaanza kula majani ya mahindi, ni kama hayo mambo hayamhusu.

"Mama," jamaa akasema, "umeniua."

"Bado," dada akamwambia. "Nyamaza."

Alikuwa rika langu. Nikisema ukweli, hata sura hakuwa na sura ya mwizi. Alikuwa anatetemeka, na mimi natetemeka, yeye kwa uchungu na mimi kwa homa. Nilitaka kuchomoa mshale, dada akanizuia. Ati mume wake alimwambia ukichomoa hapo hapo damu yote inakufuata. Nikarudi ndani nikachukua shuka, nikairarua na kumfunga paja juu ya jeraha. Kufunga kitambaa ndiyo kazi yangu, lakini siku hiyo fundo lilinisumbua.

Wakati huo majirani walishasikia kelele. Filimbi zikaanza. Halafu watu wakaanza kutokea kwenye ukungu mmoja mmoja, huyu na rungu, huyu na jembe. Nilikuwa siwezi kutofautisha mtu na fungu la mahindi mpaka asogee.

Simiyu alikuja na jerican. Nilisikia harufu ya mafuta taa kabla sijamwona uso.

"Mama Wekesa, toka hapo," akasema. Mama Wekesa ndiye dada yangu.

Dada alikuwa amesimama mbele ya yule jamaa. Alishapata mshale mwingine, sijui saa ngapi alirudi ndani kuuchukua. Nadhani alipita mbele yangu na sikumwona.

"Simiyu, rudi nyuma kidogo," akasema.

"Huyu ndiye alikula ng'ombe wangu."

"Labda ni yeye, labda si yeye. Wewe ulimwona?"

"Wote ni wamoja! Leo umempiga mguu, ataenda hospitali, atapona, atarudi na wenzake. Atakuja kwako, na kwangu, na kwa huyu, na kwa yule. Wewe utakuwa na huruma, sisi tutakuwa tunazika vichwa."

Watu wakaitikia. Na mimi nitakuwa muungwana hapa: moyoni nilikubaliana na Simiyu. Hakuna kitu alisema ambacho ni uongo. Alikuwa analia akisema, machozi yanatiririka mpaka kwenye kidevu.

Dada akasema, "Ng'ombe ni yangu. Shamba ni yangu. Hata huyu mwizi ni wangu, mimi ndiye nimempata. Hakuna mtu atachomwa hapa kwangu, watoto wangu wanakanyaga hapa."

"Na tukikataa?"

Akainua upinde. Akamlenga Simiyu.

Wakuu, huyo ni jirani yake. Ndiye alimlimia shamba bure mwaka ule shemeji alifariki. Niliona mkono wa dada, na safari hii haukutetemeka. Nilikuwa nimeketi chini kando ya mwizi, blanketi mabegani, na ukungu unapita katikati yetu. Kwa muda hivi nilisahau kabisa ni nani mwizi kati yetu.

Simiyu akatema mate kando. Akamwaga yale mafuta taa chini, yote, akaondoka. Wengine wakabaki wakinung'unika, lakini hakuna aliyesogea.

Asubuhi kila siku pickup ya maziwa ilikuwa inapita barabarani ikiokota maziwa. Tukaisimamisha. Dereva aliona damu akataka kukataa, halafu akaona upinde akakubali. Mwizi tukamlaza nyuma katikati ya mikebe ya maziwa. Dada akapanda akaketi kando yake. Na mimi nikapanda, kwanza nilihitaji hospitali pia.

Hiyo safari ya kwenda Kitale huwa naiota mpaka leo.

Ukungu ulikuwa unafunguka mbele na kujifunga nyuma yetu. Mikebe inagongana. Watu wanatupungia mkono tuwape lift, hawajui tumebeba nini. Na yule jamaa, uso wake ukiwa rangi ya majivu, akaanza kuongea na dada habari za ng'ombe!

"Amezaa mara ngapi?" akauliza.

"Hii ni ya tatu."

"Hii wiki haiishi kabla hajazaa. Nilimwangalia kiwele. Ndio maana tulikuwa tunamtembeza polepole."

Dada akamwangalia muda mrefu. "Ulikuwa na ng'ombe?"

"Baba alikuwa nazo."

Tulipofika Kiminini jua likatoka lote mara moja, watu wanafungua maduka, mama mmoja anamwaga maji ya kuosha vyombo kando ya barabara. Nikaanza kulia bila sababu. Dada akanifunika blanketi vizuri.

Sasa nifupishe. Jamaa alipona, akashtakiwa, akafungwa. Dada aliandikisha statement, akaulizwa maswali mengi, mwishowe akaachiliwa kwa sababu ya lile panga, ikaonekana alikuwa anajitetea. Upinde ulibaki kituo cha polisi kama exhibit na hakwenda kuudai. Ng'ombe alizaa ndama jike kabla ya wiki kuisha, kama alivyosema mwizi.

Kijijini maoni yaligawanyika. Kanisani dada alisifiwa, ati mwanamke mwenye busara, alilenga mguu makusudi. Kwenye posho mill walimwita rafiki ya wezi. Simiyu aliacha kumsalimia.

Na msisahau hili: wizi haukuisha. Mwaka uliofuata vijana walimkamata mtu mwingine upande wa chini, mchana, akiwa na mbuzi kwa baiskeli. Simiyu alikuwa hapo. Dada hakuwepo. Huyo mtu hakufika hospitali.

Baadaye watu wakaanza kusema alikuwa amenunua ile mbuzi Chwele siku ya soko. Wengine wakasema hapana, ni mwizi kabisa. Ukweli haukujulikana mpaka leo, na yeye hayupo wa kuulizwa.

Baada ya muda, niko kwa dada tena, safari hii mzima. Ilikuwa jioni mapema, tunakunywa chai nje. Tukaona Simiyu anakuja. Alikuwa amekonda, shati inamning'inia. Dada akaenda ndani akaleta kikombe kingine kama vile hakuna kitu kimewahi kutokea.

Simiyu alikunywa nusu. Halafu akauliza, "Mama Wekesa, wewe siku ile uliwezaje? Ng'ombe ni yako, una hasira, una mshale. Uliwezaje kulenga mguu?"

Dada aliangalia upande wa shamba kwanza.

"Sikulenga mguu," akasema. "Nililenga kifua. Nilitaka afe. Mkono ulicheza."

Mimi sikuwa nimewahi kusikia hilo. Hakuna mtu alikuwa amewahi kusikia.

"Nilipoona hajakufa," akaendelea, "nilifurahi mpaka nikaogopa. Ndio maana nilisimama pale. Sikuwa nalinda mwizi, Simiyu. Nilikuwa najilinda mimi, maana nilishaona vile ningekuwa."

Simiyu aliweka kikombe chini. Akafunika uso kwa mikono miwili, na dada akasogeza kiti chake karibu, wakakaa hivyo mpaka ng'ombe wakaanza kuita kukamuliwa.

Basi wakuu, hiyo ndiyo yangu. Sina fundisho kubwa. Mimi siwezi kumwambia mtu aache mali yake iende, kwa sababu nilijua yule ng'ombe alikuwa nini. Dada akikaa tu siku ile, watoto wake hawangesoma. Lakini wale mnaoandika "ua, hakuna shida" mkiwa kwa keyboard, nawaambia nimewaona wawili. Mmoja alikosa, mwingine akapata. Aliyekosa ndiye anayelala usingizi usiku.

Karibuni mseme lenu, hasa wale mmewahi kusimama pale penyewe. Wenye wanataka kutukana pia waje, ila watuambie kwanza: walishawahi kushika upinde?