Habari Isiyosemwa Mlangoni

Kabla sijafumbua macho nilisikia kokoto zikikwaruzwa. Sauti ilitoka chini ya dirisha, ndefu, kavu, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria kubwa ya shughuli. Kwa muda nilidhani niko nyumbani, wanawake wanaosha vyombo uani. Kisha nikafungua pazia. Mtambo mdogo wa manjano ulikuwa unazoa kokoto zilizomwagwa barabarani wakati wa baridi ili watu wasiteleze kwenye barafu. Theluji ilikuwa imekwisha. Ilibaki rundo moja jeusi kando ya ukuta, chafu kama jivu.

Nilikuwa Stockholm kwa siku hiyo moja tu. Mkutano wa waandishi vijana ulionileta Sweden ulifanyika mashambani, ulikuwa umekwisha, na kesho yake nilitakiwa kupanda ndege. Siku ile moja niliachiwa kwa ajili ya kazi ambayo haikuwa ya uandishi. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa amefariki siku chache kabla sijasafiri. Binti yake wa pekee aliishi hapa Stockholm, mtaa wa Rissne, na alikuwa hajui.

Baba yake alipokufa, miaka ya nyuma, aliambiwa kwa simu akiwa kazini, katikati ya watu asiowajua. Alianguka pale pale sakafuni. Wazee wetu hawakulisahau jambo hilo. Safari hii mjomba alikataa kabisa.

"Hapigiwi simu mtu," alisema. "Damu yake inakwenda huko huko. Huyu hapa ndiye atamwambia, wamekaa kitako, mkono kwa mkono." Akanigeukia. "Wewe binti wa vitabu, si unajaza kurasa kwa watu ambao hawakuzaliwa? Haya, huyu kazaliwa, na mamaye ndiye huyo tumemzika."

Ningeweza kumpigia simu kumwambia nakuja. Lakini nilijua simu zetu zinavyokwenda. Angeniuliza habari za nyumbani, nami ningejibu njema, kwa sababu kwetu hata aliyefiwa jana hujibu njema kwanza. Ndipo huja ile "ila". Na "ila" ile nilikatazwa kuisema kwenye waya. Basi niliamua nitakwenda na kupiga hodi tu, kama tunavyofanya. Zamu yake kwenye nyumba ya kulelea wazee ilikwisha alasiri. Kabla ya hapo nilikuwa na mji mzima, na sentensi moja ya kuitafuta.

Bwana wa mapokezi ya hoteli alinisogezea ramani ya bure. Nilimshukuru nikaiacha pale pale. Mwenye ramani hufika, na mimi asubuhi ile sikuwa na haraka ya kufika popote.

Nilivuka daraja nikaingia mji wa kale. Kuta zake zina rangi ya binzari, nyingine rangi ya pilipili iliyofifia juani, na madirisha yamejipanga juu bila kivuli wala baraza. Vichochoro ni vyembamba. Kimoja kilikuwa ngazi tupu, chembamba hivi kwamba nilinyoosha mikono nikagusa nyumba mbili kwa mara moja, moja baridi, moja ina joto kidogo, labda nyuma yake kulikuwa na tanuri ya mkate. Nilisimama hapo nimetandaza mikono kama nguo iliyoanikwa. Nikajaribu sentensi yangu ya kwanza kwa sauti ndogo: Dada, kila nafsi itaonja mauti. Ikasikika kama ya mhubiri aliyelipwa. Niliiacha kwenye ngazi nikapanda.

Nilikata kulia, kushoto, tena kulia. Kila mara vichochoro vilinifikisha kwenye maji. Mji wa kale wote ni kisiwa. Ukienda mno upande wowote unaliona ziwa au bahari, na sikujua lipi ni lipi. Karibu na kanisa moja la matofali mekundu nilimkuta mtu mweusi juu ya ngazi ya mbao, anaosha kioo cha duka. Aliniona kwenye kioo kabla sijamwona yeye.

"Jambo, dada! Uko mutu wa wapi?"

"Tanzania. Na wewe kaka?"

"Mimi ni wa Bukavu. Voilà, nilijua! Mutu anayetembea na kuangalia juu hivi si wa hapa. Uko unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu. Natembea tu."

"Bila karte?"

"Bila ramani."

Alicheka mpaka ngazi ikatikisika. "Sasa utapotea namna gani kwa kisiwa? Ukiona maji, rudia. Ukiona tena maji, rudia tena. Mupaka saa ya kula." Akakamua kitambaa chake. "Habari ya nyumbani kwenu?"

"Njema," nikasema.

Ilinitoka laini kama pumzi. Akajibu, "Asante Mungu," kwa moyo wote, akarudi kwenye kioo chake. Nilitembea hatua kadhaa nimeinamisha uso. Sikuwa nimedanganya, kwa desturi zetu. Lakini nilijiona jinsi ningekaa mbele ya dada yangu na neno lile likinitoka vile vile, na yeye akifurahi, na mimi nikilazimika kuifuta furaha yake kwa mkono wangu mwenyewe.

Mchana jua lilitokeza. Nikavuka daraja jingine, na hapo niliona jambo ambalo sijaliona kwingine. Kwenye ngazi pana za jumba moja watu walikaa safu kwa safu, makoti yamefunguliwa vifungo, nyuso zimeinuliwa, macho yamefumbwa. Hakuna aliyesema. Wazee, makarani na mifuko yao, mama mmoja na gari la mtoto. Kwetu ukikuta watu wengi wamekaa kimya namna ile, unavua viatu na kuuliza marehemu ni nani. Hawa walikuwa wanaota jua. Walilikosa majira yote ya baridi na sasa walikuwa wamelijia, kila mmoja na uso wake.

Bibi kizee mmoja alifumbua jicho moja, akaniona nimesimama, akasogeza mkoba wake. Nikakaa. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno machache ya Kiingereza. Alinyoosha kidole juu, akasema, "Jua," kwa Kiingereza, kama anayemtambulisha mgeni mkubwa. Nikaitikia. Akafumba jicho lake tena. Nilikaa naye muda mrefu, bega lake likigusa langu kidogo kila alipovuta pumzi. Nilijaribu sentensi nyingine tatu au nne kichwani, kisha nikaacha kujaribu. Jua lilipohamia ng'ambo ya barabara bibi aliinuka, akanipiga kofi dogo gotini, akaenda zake.

Alasiri nikapanda treni ya chini ya ardhi, laini ya buluu. Inapita ndani ya mwamba mtupu, na vituo vyake ni mapango yaliyopakwa rangi. Kule Rissne kituo kilikuwa kipya, ukuta wake umeandikwa na kuchorwa ramani za dunia kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilianza kuitafuta pwani yetu, lakini treni ya pili ikaleta watu, wakanisukuma taratibu kuelekea juu.

Nyumba ya dada ilikuwa kwenye jengo la ghorofa kama mengine. Jirani aliyekuwa anatoka alinishikia mlango wa chini. Nilipanda, nikasimama mbele ya mlango wenye jina la dada, nikabisha.

"Hodi!"

Ndani maji ya bomba yaliacha kutiririka. Kisha mlango ukafunguka, na dada yangu amesimama na taulo mkononi, bado amevaa sare ya kazi. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Aliniangalia usoni, kisha mikononi, kisha nyuma yangu kwenye ngazi kama kuna mwingine anakuja.

"Mdogo wangu," alisema. "Karibu. Vua viatu, hapa ndani hatuingii navyo."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pita. Kaa."

Alinikalisha kwenye kochi, akaketi kwenye kiti cha mbele yangu, taulo bado mkononi. Nikasubiri salamu. Ilikuja.

"Mmeamkaje huko? Mjomba?"

"Hajambo."

"Mguu wake?"

"Analalamika, lakini anatembea."

"Analalamika tangu sijaondoka. Watoto wa jirani? Yule mkorofi?"

"Amekuwa fundi seremala."

"Yule? Ataua mtu na msumeno." Alicheka kidogo. "Mvua?"

"Imenyesha."

"Mwembe wa uani umezaa?"

Aliuliza habari za kuku, za msikiti, za shangazi, za duka la pembeni. Aliulizia kila mtu na kila kitu. Mamaye hakumwulizia. Na kila alipolipita jina lile niliona vidole vyake vikilikunja taulo, kunjo baada ya kunjo, mpaka likawa dogo kama kitabu.

Nikafungua mdomo. Akaniinulia mkono.

"Ngoja. Miaka yote niliyokaa hapa hakuna aliyekuja kwangu bila kupiga simu. Hata Waganda wa chini, tunaopikiana, hupiga simu kwanza. Ulipobisha tu nilijua. Nilikuwa nakawia." Akashusha mkono. "Sasa sema."

Sikuwa na sentensi. Niliteremka kwenye kochi, nikakaa chini miguuni pake, nikamshika mikono na taulo lake.

"Mama ametutoka, dada."

"Inna lillahi," alisema, polepole, mpaka mwisho. Hakuanguka. Alibaki ananiangalia, na machozi yakamteremka bila sauti. Baadaye akauliza jambo moja tu.

"Nani alimwosha?"

"Shangazi. Na mimi nilimwagia maji."

"Wewe?"

"Mimi. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Tuliweka mkunazi na karafuu maiti."

Aliigeuza mikono yangu, viganja juu, akaviweka kwenye mashavu yake, kwanza kimoja kisha cha pili. Tulikaa hivyo. Nje watoto walikuwa wanaitana kwa Kiswidi.

Mwishowe alisimama. Akafungua kabati, akatoa kanga, akajitanda juu ya sare yake.

"Nashuka kwa Mama Mganda," alisema. "Naye alizikiwa mama yake akiwa uhamishoni, anajua kulia. Hapa peke yetu wawili hatutoshi."

"Nikufuate?"

"Uje baadaye. Niache nimwambie mwenyewe, nizoee kulisema."

Alivaa viatu pale mlangoni, akishika ukuta. Alitoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.