Kamba ya Mafundo Manane

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilipangiwa shule moja ya msingi huko Muleba, juu ya kilima, mahali ambapo ukisimama uwanjani unaliona ziwa lote lakini kulifikia ni safari ya nusu siku. Nilikuwa binti wa Hamugembe, mjini Bukoba, nimetoka chuoni juzi tu, raba nyeupe miguuni na maneno mengi mdomoni. Mwalimu mkuu alinitazama kuanzia raba hadi kichwani, akasema, "Wewe utashika mazoezi ya viungo. Hawa wenzako wamezeeka." Wenzangu watatu wakacheka. Walikuwa wamefurahi kuutua ule mzigo.

Kabla yangu, mazoezi pale yalikuwa mbio tu. Watoto walikimbia kuteremka hadi kwenye chemchemi bondeni, wakapanda kurudi. Wa kwanza alipewa penseli, wa mwisho alipewa kiboko. Mimi nikaja na moto wangu. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha, redio ilihubiri ujamaa asubuhi na jioni, nami niliuamini kwa moyo wote. Sioni aibu kusema hivyo leo, ingawa wapo wanaonicheka. Niliwagawa darasa la sita katika makundi ya watoto wanane wanane. Nikamwambia kila mtoto alete maganda makavu ya migomba kutoka kibanja cha kwao. Wakasokota kamba, kundi moja kamba moja, na kila mtoto akafunga fundo lake mwenyewe la kushikia.

Sheria ilikuwa moja. Mnakimbia mmeshika kamba, na kundi halijafika mpaka wote wanane wamegusa jiwe lililokuwa chini ya kengele. Hapo kiongozi wao atasema, "Tumetimia," nami nitasoma saa yangu ya mkononi. Wakifika saba, hata wawe na mbio za swala, saa sisomi.

Mwezi wa kwanza ilikuwa vurugu. Wenye nguvu waliwaburuta wanyonge, kamba zikakatika, watu wakatukanana kwa Kihaya wakidhani kwa kuwa mimi ni wa mjini sisikii. Kisha, taratibu, wakaanza kusikilizana. Walihesabu hatua kwa sauti. Mwenye pumzi alimbebea mwenzake kibuyu cha maji. Siku moja nilimwona mkorofi mkubwa kuliko wote akipunguza mwendo bila kuambiwa, nikageuka nijifanye nafunga kamba ya raba ili wasinione ninavyolia. Nilikuwa mjinga wa miaka ishirini na mbili, na nilikuwa na furaha.

Katika kundi la tatu alikuwamo msichana mmoja mwembamba, mcheshi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mbio zilimshinda tangu mwanzo. Zamani ndiye aliyekuwa akichapwa kila Ijumaa. Wenzake wakamtoa mwisho wa kamba wakamweka katikati, fundo la nne, ili wa mbele wamvute na wa nyuma wamsukume mgongoni kwa upole. Mlimani walikuwa karibu wanambeba. Yeye ndiye aliyehesabu hatua, na alipoishiwa pumzi wenzake walimalizia hesabu. Kundi lile likawa la pili, halafu la kwanza. Nikalisifu mbele ya shule nzima.

Ndipo tukapata habari kwamba afisa elimu wa wilaya angekuja kuona mazoezi yetu. Mwalimu mkuu alinunua chaki mpya. Mimi nilianza kujiona nimehamishiwa chuoni kufundisha walimu.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, nilimkuta yule msichana nyuma ya mibuni iliyo kando ya uwanja. Alikuwa amekumbatia shina, anapumua kwa mdomo, na midomo yake haikuwa na rangi yake. Nikamkalisha chini. Miguu ilikuwa imevimba. Nilipobonyeza kwa kidole juu ya kifundo, alama ilibaki.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Inakuja inapotea, mwalimu. Ilianza na homa za mwaka juzi, viungo viliniuma sana."

"Nyumbani wanajua?"

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Maawe, mwalimu, usimwambie Tata. Baba atasema nikae nyumbani. Na wenzangu usiwaambie. Wakijua inauma, wataacha kunivuta."

Nilipaswa kusimama pale pale na kumpeleka kwao. Badala yake nilimwambia sawa, ila baada ya mgeni kuja tutakwenda hospitali, mimi na wewe. Nilijiambia ninamhurumia. Ni kweli nilimhurumia. Ni kweli pia kwamba bila yeye kundi la tatu lingekuwa na watu saba, na kundi la tatu ndilo nililotaka mgeni alione. Nimejaribu miaka mingi kutenganisha mambo haya mawili na nimeshindwa.

Siku ilifika. Afisa elimu alikaa kivulini na soda yake. Makundi yakateremka kwenda bondeni, kisha tukayaona yakipanda, na la tatu liliongoza. Kutoka juu nilisikia hesabu yao, moja, mbili, tatu, nne, lakini sauti haikuwa yake. Walifika. Walipiga jiwe wote wanane, kiongozi akapaza sauti, "Tumetimia!" Nami nilikuwa natazama saa. Hawakuwahi kukimbia vizuri vile. Nilipoinua macho nimpe mgeni habari, watoto saba walikuwa wamesimama wameduwaa, na wa nane alikuwa chini na fundo lake mkononi.

Wanaume wa jirani walimpeleka kwa machela hadi hospitali ya misheni, nami nikafuata nyuma nikikimbia na raba zangu. Mganga alisema ni moyo, umeharibiwa na zile homa za zamani. Kuna sindano za kuzuia zisirudi, lakini kilichoharibika hakitengenezeki pale kwetu. Asikimbie, asiteke maji, asipande kilima. Shule ilikuwa juu ya kilima.

Jumamosi nilikwenda kwao. Baba yake alinipokea vizuri mno, akanipa kiti chenye mgongo, mkewe akaleta kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama ilivyo desturi kwa mgeni wa heshima. Ningependa wangenifukuza. Tulitafuna. Kisha yule mzee akauliza kwa heshima, bila ukali wowote, "Waitu mwalimu, wewe uliyekuwa naye kila siku, hukuona kitu?"

"Niliona," nikasema.

Akaendelea kutafuna. Mkewe akatoka kwenda jikoni na hakurudi mpaka nilipoaga.

Baada ya hapo watoto wa kundi la tatu walikuja kunipa shauri lao. Njia ya mbio ipindishwe, ipite uani kwa kina mwenzao, kule bondeni karibu na chemchemi. Watasimama, yeye atashika fundo la nne, watatembea naye kutoka mlangoni hadi kwenye mbuni wa kwanza wa kibanja chao, halafu watakimbia. Kwa hiyo amekimbia. Kwa hiyo wanane wametimia. Niliwakubalia, ningewakatalia kwa uso gani? Mwalimu mkuu alipolalamika kwamba sasa wanatumia muda mrefu kuliko makundi yote, nilimjibu vibaya, na kwa bahati yangu njema hakuniandikia barua ya onyo.

Ilikwenda hivyo muhula mzima. Wenzake waliniambia kwamba alikuwa akioga mapema kila Ijumaa na kuvaa sare ya shule, akakaa mlangoni kusubiri. Kila mara mbuni wa kwanza ulikuwa mbali zaidi kwake. Mwishoni alishika fundo akiwa amekaa, wakahesabu hatua papo hapo bila kwenda popote, akawaachia kamba. Nilileta dawa kutoka Bukoba, nilimwandikia mjomba wangu aliyekuwa na jamaa hospitalini Mwanza, nilimlipia Padre misa. Hakuna lililosaidia, na nilijua halitasaidia wakati nikilifanya.

Alifariki wakati wa masika. Tulimzika Jumanne, kibanjani kwao, mvua ikinyesha.

Ijumaa iliyofuata nilitaka kuacha mazoezi, mwalimu mkuu akasema watoto wachangamshwe. Kundi la tatu walikimbia. Walipita uani kule, nikaambiwa baadaye kwamba walisimama, wakatembea hadi kwenye mbuni. Walifika juu wakiwa wa mwisho, wameshika kamba, fundo la nne likining'inia katikati. Wakagusa jiwe, mmoja mmoja, saba. Kiongozi akatazama kamba.

"Mmefika," nikasema. "Haya, semeni."

"Hatujatimia, mwalimu."

Wakakaa chini pale kwenye jiwe, katika matope, kila mmoja na fundo lake. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia juu ya vichwa vyao na hawakuinuka. Wenzao wote wakaondoka. Nilitaka kuwaambia kwamba sheria ile niliitunga mimi na ninaweza kuifuta. Nilitaka kuinama nilishike lile fundo la nne ili waseme neno lao waende zao. Mkono niliunyoosha, nikafika karibu kabisa, na wote saba walikuwa wananitazama.

Sikuthubutu kulishika.