Roketi Yenye Haraka

Mwaka ule nilikuwa nikiangusha roketi kila siku, zote za kwenye kompyuta, nikiwa nimekaa kwenye meza ya jikoni kwa shangazi yangu, Wembley. Kazi yangu ya chuo ilikuwa kuandika programu ya kuiweka roketi kubwa sawa angani hata injini yake moja ikiharibika. Roketi hizo zina injini kadhaa, na kila moja huelekeza moto wake huku na huku, ndio usukani wenyewe. Moja ikikwama imeelekea upande, zilizobaki lazima ziibebee mzigo wake. Zangu zilibeba, zikafika mwisho wa uwezo wake, kisha roketi ikabinuka. Jumatatu iliyokuwa inakuja mwalimu wangu alitaka kuiona imenyooka, la sivyo nibadilishe mada niliyoihangaikia miaka miwili. Nilikuwa na hasira hata na birika.

Jumamosi mchana shangazi alirudi kutoka shifti ya asubuhi. Kazi yake ni kutunza wazee. Alisimama nyuma yangu na koti lake, akaitazama roketi ikianguka mara tatu, akauliza mbona ina haraka. Nilimjibu kwa mkato kwamba ikipaa lazima igeuke kufuata njia yake, na imepangiwa muda wa kugeuka, basi. Hakukasirika. Alivuta kiti akanieleza wanavyomgeuza mgonjwa mzito kitandani.

"Tunamgeuza wawili, kwa kuhesabu. Mwenzangu mkono ukimteleza, sikazani kumaliza kwa mwendo uleule, nitaanguka na mgonjwa. Napunguza. Atageuka tu, lakini polepole."

Niliona aibu. Miaka miwili nilikuwa nikizidai injini zilizobaki kazi ileile, kwa kasi ileile, kana kwamba hakuna iliyoumia. Niliongeza mistari michache: injini moja ikikwama, roketi igeuke taratibu. Shangazi alikwenda zake kuoga.

Jumatatu roketi iliyumba, nikashika kiti, ikanyooka. Mwalimu akaniuliza wazo lile nimelitoa wapi. Nilisita, maana nilitamani kutaja kitabu kinene, lakini nikamwambia ukweli. Akasema basi jina la shangazi liandikwe kwenye ukurasa wa shukrani wa kazi yangu, mwanzoni kabisa.

Nilimpelekea ukurasa huo nikiwa nimejaa furaha. Aliuvalia miwani, akausoma mara mbili.

"Sasa mwanangu," akasema, "ikianguka ya kweli, si watakuja kunitafuta mimi?"