Joto la Ng'ombe Halimo Kitabuni

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha maziwa cha Biharamulo, Fundi Mkuu hakunionyesha ofisi. Alinishika mkono akauweka kwenye bomba. Niliruka kwa joto lake.

"Hayo maziwa yanatoka kupashwa," alisema. "Sasa shika yanayoingia."

Yalikuwa vuguvugu.

"Kazi yako, bwana fomu foo, ni kuyafanya yapeane joto bila kugusana."

Nieleze kidogo. Maziwa hupashwa hadi nyuzi sabini na mbili kwa sekunde kumi na tano, kisha hupozwa. Yanayotoka hupita upande mmoja wa mabamba membamba ya chuma, na mabichi upande wa pili, yakielekea kinyume. Mabichi hupata joto la bure. Boila humalizia tu.

Wastaafu wenzangu huorodhesha vituo vyao vya kazi. Changu ni Biharamulo. Niliwahi kupelekwa kozi ya wiki moja Ngara, nikarudi siku ya nne. Mimi basi likishavuka mpaka wa wilaya, huanza kuulizia la kurudi.

Vita vya Kagera vilipoanza, dizeli ilikwenda na malori ya jeshi. Bwana Meneja akaja na barua mbili: moja ya kufunga kiwanda, nyingine ya kunihamishia Dar es Salaam.

"Dizeli ya boila ishuke nusu mwezi huu," alisema, "la sivyo funga godoro."

"Godoro langu halijazoea safari, Bwana Meneja."

"Lizoeshe."

Nilikaa na kitabu na kalamu siku tatu. Mabamba yetu yalirudisha nusu ya joto. Ukitaka dizeli ipungue nusu, yaani yarudishe robo tatu, usidhani kuongeza mabamba mara mbili kunatosha. Kadiri maziwa ya pande mbili yanavyokaribiana joto, ndivyo yanavyopeana kwa shingo upande. Inabidi mara tatu. Nikachukua mabamba ya akiba stoo, mengine nikayachomoa sehemu ya kupoza. Maziwa yaliyokwisha kugawa joto lake, nilisema, yana haja gani ya kupozwa sana? Nilijipongeza mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyejitokeza.

Dizeli ilishuka kweli. Ila maziwa yalitoka na joto, na kufikia jioni tangi zima lilikuwa limechacha.

"Umetupatia mtindi wa wilaya nzima," alisema Fundi Mkuu.

Asubuhi nilimkuta getini Mama Kabula, mfugaji wa Kisukuma kutoka Nyantakara, na debe lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia umegandisha maziwa kwa kalamu."

"Kitabu kinasema maziwa huingia kiwandani yakiwa baridi, nyuzi nne."

"Hebu shika debe."

Lilikuwa na joto la ng'ombe.

"Haya nimeyakamua alfajiri. Ng'ombe wa kitabu chako alikamuliwa lini? Juzi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mkono wangu ulikwishaambiwa siku ya kwanza, bombani, kwamba yanaingia vuguvugu. Badala ya kuusikiliza, nilikwenda kuuliza kitabu. Maziwa yenye joto hayawezi kuyapoza mengine.

Tulichimba mfereji kutoka chemchemi ya nyuma ya kiwanda. Kila debe likazamishwa hadi shingoni, likapoa, ndipo likaingia. Boila ilikula dizeli zaidi kidogo kuliko nilivyoota, maana sasa yaliingia baridi, lakini maziwa yalilala bila kuchacha.

Mwisho wa mwezi Bwana Meneja alisoma kipimo cha dizeli.

"Haikufika nusu."

"Haikufika. Na mimi siendi. Ukifunga, nenda mwenyewe hospitali tunakopeleka kila siku, ukawaambie wagonjwa maziwa yameisha."

Fundi Mkuu alitazama dari. Bwana Meneja akaomba kikombe cha maziwa, akanywa. Akaomba cha pili. Kisha akairudisha barua ya kufunga mkobani, akatoka bila kuaga.

Nilistaafu katika kiwanda hicho hicho. Vijana huniuliza kama sijutii kutoiona dunia. Nawajibu kwamba dunia ilikuwa inaniletea madebe kila asubuhi, na mara moja nilipoacha kuyashika niliaibika.

Barua ya uhamisho Bwana Meneja aliisahau mezani. Hadi leo naifunikia jagi la maziwa. Anayetaka kunihamisha aje alifunue jagi mwenyewe.