Mdomo Mweusi Wenye Alama za Meno

"Ni nani hakusikii?"

Mwalimu aliniuliza hivyo kabla sijamaliza kulalamika. Nilikuwa nimefika kwake Makina, Kibera, na saksafoni yangu ya alto mgongoni, kumwambia kwamba sauti yangu ni nzito na butu, haitoboi, na kwamba nahitaji mdomo mpya wa saksafoni. Mdomo ni kile kipande cha juu unachokishika kwa meno, chenye ukuti mwembamba wa mwanzi unaotetemeka ukipuliza. Nilikuwa na majibu mengi siku hiyo. Nilikuwa nimesoma mtandaoni kuhusu unene wa mwanzi, upana wa ncha, hata pembe ya shingo. Swali lake halikuwa humo.

"Watu," nilisema.

"Watu gani?"

Mimi ambaye chuoni nilimuuliza mhadhiri ushahidi wake mpaka akanikalisha chini kwa hasira, sikuwa nimemuuliza mtu hata mmoja alikuwa ananisikia vipi.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Nilikuwa napiga katika bendi ya kanisa letu kule Gatina, Kawangware, na mpiga kinanda, ambaye ndiye kiongozi wa bendi, alikuwa amenipa onyo mbele ya wenzangu wote. "Msomi," alisema, maana ndilo jina alilonipachika, "ikifika Jumapili ya mavuno na bado husikiki pale mlangoni, hiyo sehemu yako nitaicheza mimi. Kinanda kina saksafoni ndani. Nabonyeza tu." Kisha akabonyeza kweli, ikatoka sauti kama ya mbu aliyefungiwa chupani, na wenzangu wakacheka. Nilitamani kumuuliza kama kinanda chake pia kina mapafu. Nikajizuia, kwa sababu alikuwa na hoja. Husikiki ni husikiki.

Nilikuwa na wiki tatu.

Mwalimu alikuwa amestaafu kutoka bendi ya askari. Watu wake wa Kinubi wamekuwa Kibera tangu babu zao walipoletwa kama wanajeshi, na alipenda kusema kwamba katika ukoo wao kila kizazi kilikuwa na mtu mmoja anayepuliza kitu. Alitoa mkebe wa majani ya chai chini ya kitanda na kuumwaga juu ya mkeka. Midomo mitatu ya alto. Mmoja wa plastiki, ndugu pacha wa ule niliokuwa nao. Mmoja wa chuma, unaong'aa kama kijiko cha harusini. Wa tatu mweusi, wa mpira mgumu, mzee, umeumwa juu na meno ya mtu hadi ukawa na mashimo mawili.

Nilichukua wa chuma. Ningependa kusema nilikuwa na sababu ya kisayansi, lakini ukweli ni kwamba ulikuwa unang'aa, nami nilitaka sauti inayong'aa. Niliupachika, nikasimama katikati ya chumba chake na kupuliza. Lo! Mabati yaliitikia kutoka kila upande. Vikombe kabatini vilitetemeka. Nilihisi makali ya sauti hiyo mpaka kwenye mzizi wa meno.

"Huu huu," nikasema.

Mwalimu aliweka kiganja chake kwenye kengele ya saksafoni, ile ncha pana inakotokea sauti, kama alivyozoea. "Nenda nao," alisema. "Halafu urudi."

Jumapili iliyofuata nilipiga kwa nguvu zangu zote. Tulipomaliza, mpiga kinanda aliniinamia kwa upole wa kuudhi. "Sister, leo ulikuwa unacheza ama ulikuwa umeshikilia tu?"

Nilirudi Makina nikiwa nimechemka. Nilimwambia mwalimu kwamba mambo haya yote ni imani tu, kwamba mtu hununua mdomo mpya kisha masikio yake yanajidanganya ili asijione mjinga. Sikutarajia akubali. Akakubali.

"Kabisa," alisema. "Sasa niambie, kanisa lenu limevaa nini?"

"Limevaa?"

"Ukutani. Darini."

Nikamwambia. Kanisa letu ni ukumbi wa mawe chini ya nyumba za kupanga, na akina mama wa kamati ya mapambo wanaona fahari kwamba hakuna jiwe linaloonekana. Vitambaa vya satini vya zambarau na vyeupe kuanzia mlangoni mpaka madhabahuni, vingine vimening'inizwa darini kwa mikunjo kama keki. Viti vina nguo. Hata spika zina nguo.

"Na wewe ulichagua mdomo ndani ya nyumba ya mabati," alisema. "Mabati yanamsifu kila mtu, binti yangu. Hata ukikohoa humu utajiona mwimbaji."

Basi tukaivisha nyumba yake nguo. Tulitundika mablanketi mawili kwenye kuta, tukainua godoro na kulisimamisha pembeni, tukatandaza vitambaa vyote vya makochi juu ya kabati. Nilipopiga makofi, sauti ilikufa papo hapo. Kisha akakata vipande vya tyubu ya baiskeli na kuvibandika juu ya kila mdomo, pale meno yanapokaa. Alisema sauti inayopanda kwa meno ni ya mpigaji peke yake, na haijawahi kufika mlangoni mwa kanisa lolote.

Hapo nami nikaweka masharti yangu. Hataniona. Nitapiga mara sita nyuma ya pazia la mlangoni, kila mdomo mara mbili, kwa mpangilio nitakaouandika kwenye karatasi bila kumwonyesha. Kama anasikia tofauti kweli, atachagua mdomo uleule mara zote mbili. Alicheka sana. "Sawa, msomi. Lakini mimi nitakaa pale." Akaonyesha ng'ambo ya kichochoro, kwa mama wa chapati ambaye jiko lake lilikuwa hatua kama kumi na tano kutoka mlangoni. Umbali wa kutoka madhabahuni kwetu hadi mlangoni, niliupima baadaye, haukutofautiana sana.

Nilipiga mistari minne ya pambio lile ambalo mpiga kinanda alitaka kuninyang'anya. Nikabadilisha mdomo. Nikapiga tena. Kupitia pazia nilimsikia mama wa chapati.

"Mwalimu, huyu msichana anaita wateja ama anawafukuza?"

"Pika tu, mama."

"Hiyo ya kwanza ilikuwa kama mtu ana homa. Si uongo."

Mara ya tatu, mara ya nne. Mikono yangu ilitoka jasho kwa sababu ya kubadilisha haraka. Mara ya tano mama akapiga kelele, "Ala! Ona sasa, imeungua! Nani atakula hii?" Mara ya sita nilisikia tu mwiko wake ukigonga kikaango.

Mwalimu alivuka kichochoro polepole na kufungua pazia. "Ya pili na ya tano," alisema.

Nikatazama karatasi yangu. Ya pili na ya tano ulikuwa mdomo mmoja. Mweusi, wenye alama za meno.

Nilitafuta njia ya kupinga. Nikahesabu kichwani uwezekano wa kubahatisha, ukawa mdogo kuliko nilivyopenda. Mwishowe nikamulika ndani ya midomo yote kwa tochi ya simu. Wa chuma, pamoja na mng'ao wake wote wa nje, kaakaa lake la ndani lilikuwa limechimbwa kama bakuli. Mweusi kaakaa lake lilikuwa juu, karibu na mwanzi, limebana njia ya hewa kama unavyobana ncha ya mpira wa maji kwa kidole ili maji yarukie mbali. Mng'ao wenyewe ulikuwa mle, mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia.

"Ni wa nani?" niliuliza.

"Ulikuwa wangu," alisema, akaufuta kwa shati. "Uung'ate na wewe."

Ulikuwa mdomo mkaidi. Wiki ya kwanza ulinipigia mayowe kila nilipofika noti za juu, na majirani zangu wa Gatina walinigongea ukuta mchana kweupe. Nilijifunza kuulainisha kwa tumbo, si kwa kulegeza taya.

Jumapili ya mavuno ukumbi ulijaa mpaka nje. Kulikuwa na mikungu ya ndizi, magunia ya sukuma, kuku mmoja aliyefungwa miguu asiyefurahia ibada. Nilipiga ule mstari wa kwanza, na pale mlangoni, mbali, nikamwona mhudumu wa kukaribisha wageni akigeuza kichwa. Nyuma yake muuza mboga wa barabarani akasimama na kisu mkononi, sukuma nusu imekatwa. Sauti ilikuwa imepita satini yote ile. Upande wangu wa kushoto mpiga kinanda aliinua mikono yake kutoka kwenye kinanda, akaiweka magotini, na kuniachia wimbo wote. Hakuwahi kunipa sifa kubwa kuliko hiyo. Baadaye alisema tu, "Leo umemeza nini?" nami nikamwambia, "Uliza kinanda chako."

Nimepiga kwa mdomo huo tangu wakati huo. Alama za meno sasa ni zetu sote wawili. Na jaribio langu nilijivunia sana; nimewasimulia watu wengi jinsi nilivyompima mwalimu nikiwa nyuma ya pazia, na jinsi masikio yake ya askari yalivyoushinda ubishi wangu.

Miaka mitatu ilipita. Mwalimu alikuwa amehamia kwa binti yake, nami nilipitia Makina kununua chapati. Nilimkumbusha yule mama siku ile, nikamsifu mwalimu kwa kusikia vile. Aliniangalia kama mtu aliyedhani najua.

"Masikio gani?" alisema. "Mwalimu alikuwa hasikii sauti za juu kwa miaka, tangu hata hujaanza kuja hapa. Mimi ndiye nilikuwa namwambia simu yake ikilia. Siku hiyo hakuangalia mlango wenu hata mara moja. Alikuwa anaangalia mikono yangu, aone ni saa ngapi itaacha chapati, nikusikilize."